Acheni Kuniuliza "Kamera Ipi ni Bora?"

Nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu hifadhidata juma hili, lakini hifadhidata itangoja. Kuna jambo linanikera na nisipolitoa leo nitalala nalo.

Mwezi huu pekee nimepata jumbe tatu zenye swali moja: "Ndugu, nataka kununua kamera ndogo ya mfukoni. Ipi ni bora?" Basi, imeishia hapo. Hakuna aliyeniambia anataka kupiga picha za nini, mchana au usiku, karibu au mbali. Ni kama kumwendea fundi wa viatu na kumuuliza kiatu bora ni kipi, bila kumwambia kama unakwenda shambani, kanisani au uwanjani.

Najua mtaniambia kwamba siku hizi kila mtu ana simu, nani bado ananunua kamera ndogo? Ni kweli soko lilianguka. Kwa hesabu za muungano wa watengenezaji kamera wa Japani, mwaka 2008 zilisafirishwa kutoka viwandani zaidi ya kamera milioni 100 zenye lenzi isiyobadilishwa. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Lakini hivi karibuni vijana wamezirudia, za mitumba zinatafutwa tena, na kwa hiyo lile swali limefufuka pamoja nazo. Na majibu mabovu yamefufuka pia.

Nayajua majibu mabovu kwa sababu nimewahi kutoa moja.

Dhambi yangu

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alitaka kuanza kazi ya kupiga picha kwenye sherehe ndogondogo hapa Nairobi: siku za kuzaliwa, mahafali, karamu za familia. Pesa alikuwa ameziweka kidogokidogo kwenye chama kwa muda mrefu. Akanijia. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Nichagulie."

Nami nikafanya kile ambacho watu wa kompyuta hufanya. Nilifungua jedwali, nikaweka kamera mbili ubavu kwa ubavu, nikaanza kuhesabu kama ninavyohesabu kasi ya prosesa na ukubwa wa diski. Megapikseli zilikuwa sawa. Hii ina zumu mara 40, ile haifiki hata mara 4. Hii ni mpya zaidi, na bei yake iko chini. Mshindi akapatikana kwa dakika tano. Tukaenda mjini, muuzaji naye akatuunga mkono kwa furaha, "Hii ndiyo moto, ona inavyovuta," akalenga ubao wa tangazo upande wa pili wa barabara, tukasoma hata namba ya simu. Binamu akalipa.

Jina la kampuni iliyotengeneza ile kamera naliacha, maana kosa halikuwa la kamera. Iliundwa kwa kazi fulani na kazi hiyo inaiweza. Kosa lilikuwa langu.

Kazi yake ya kwanza ya kulipwa ilikuwa sherehe ya jioni ndani ya ukumbi. Taa zilikuwa chache, za rangi ya manjano, na watu wakicheza. Kila aliyesogea alitoka kama mvuke. Waliotulia walijaa chembechembe usoni kama waliomwagiwa mchanga. Alipowasha flashi, nyuso za mbele zikawa nyeupe kama karatasi na nyuma kukawa giza totoro. Mama mwenye sherehe alizitazama kwenye laptopu, akaenda mbele, akarudi nyuma, kisha akauliza kwa upole, "Na zile nzuri ziko wapi?"

Hakulipa salio. Tena aliomba arudishiwe kianzio, na kikarudishwa. Shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, si wewe ndiye uliyesomea haya mambo?"

Nilisomea, ndiyo. Lakini sikuuliza.

Haya, tuziweke mbili mezani

Ili tusibishane hewani, nachukua kamera mbili za kweli ambazo tarakimu zake zinajulikana. Nimezichagua kwa sababu zinafanana kwa ile namba watu wanayoipenda, yaani megapikseli, na kutofautiana karibu kwa kila kitu kingine.

Sony RX100 (ya kwanza kabisa, mwaka 2012)
- Megapikseli: 20.2
- Kihisi: milimita 13.2 kwa 8.8
- Lenzi: sawa na milimita 28 hadi 100
- Tundu la lenzi: f/1.8 hadi f/4.9
- Video: HD kamili
- Faili za RAW: zipo
- Bei ilipotoka Marekani: dola 650 hivi

Canon PowerShot SX740 HS (mwaka 2018)
- Megapikseli: 20.3
- Kihisi: milimita 6.17 kwa 4.55
- Lenzi: sawa na milimita 24 hadi 960
- Tundu la lenzi: f/3.3 hadi f/6.9
- Video: 4K
- Faili za RAW: hakuna
- Bei ilipotoka Marekani: dola 400 hivi

Maneno mawili kwa wageni. Kihisi ni kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kimechukua nafasi ya filamu. Na ile namba ya f inasema tundu la lenzi limefunguka kiasi gani: kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa na mwanga unavyoingia kwa wingi. Hizo milimita za lenzi ni kipimo cha jinsi inavyovuta: 28 inaona chumba kizima, 960 inaona jicho la ndege mtini.

Sasa mtu wa duka atakwambia: megapikseli ni zilezile, lakini hii ina zumu mara 40, ni mpya kwa miaka 6, ina 4K, na unabakiza pesa. Ubishi umeisha, si ndiyo?

Haujaisha. Ndiyo kwanza unaanza.

Ndani ya ukumbi

Hesabu ya kwanza. Zidisha vipimo vya vihisi. Cha Sony kina eneo la milimita mraba 116. Cha Canon kina 28. Kimoja ni kikubwa kuliko kingine mara 4, lakini vyote viwili vimekatwa vipande milioni 20. Ni kama kugawa shamba la ekari 4 na shamba la ekari 1 kwa idadi ileile ya warithi. Kila mtu kapata ploti, lakini ploti si sawa. Kila pikseli ndani ya Canon inapokea mvua ya mwanga kwenye sufuria iliyo ndogo mara 4.

Hesabu ya pili ni tundu. Zumu ikiwa haijavutwa, f/1.8 dhidi ya f/3.3. Gawanya 3.3 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, unapata karibu 3.4. Maana yake, kwenye kila milimita mraba ya kihisi Sony inamwaga mwanga mara 3.4 zaidi kwa muda uleule.

Zidisha mbili hizo: 4 mara 3.4 ni karibu 14. Kihisi cha Sony kinakusanya mwanga mara 14 kwa picha ileile ya pana. Tofauti ya mara 14 si ya kuchunguza kwa darubini. Mama mwenye sherehe ataiona.

Tulete ukumbini. Tuseme kwa f/1.8 unaweza kupiga kwa sekunde 1/100, kasi inayowatuliza wanaocheza polepole. Kwa f/3.3, bila kubadili kitu kingine, unashuka hadi sekunde 1/30 hivi. Kwa 1/30 mkono unaopunga ni moshi. Ukikataa kushuka unapandisha ISO, na kihisi kidogo ukikipandishia ISO kinakupa zile chembechembe za mchanga.

"Lakini ina kituliza-mtikisiko!" Ndiyo, zote mbili zinacho. Kinatuliza mkono wako wewe mpigaji, hakimtulizi bibi harusi anayecheza. Watu wengi hawaambiwi jambo hili dukani.

Kisha kuna suala la RAW, ambalo sisi waandika programu tunapaswa kulielewa kuliko wote. JPEG ni kama programu iliyokwisha tafsiriwa kwa lugha ya mashine: inafanya kazi, lakini ukitaka kurekebisha kilicho ndani utahangaika. RAW ni msimbo chanzo. Ukikosea rangi za zile taa za manjano, ukiwa na RAW unarudi nyumbani na kurekebisha. Ukiwa na JPEG pekee, unarekebisha huku picha ikiharibika mkononi. Anayepigia wateja picha ukumbini bila RAW anatembea juu ya kamba bila wavu.

Kwa hiyo ushindi ni wa Sony? Watu wa kamera waliosoma mpaka hapa wanashangilia. Ngojeni kidogo.

Huko mbugani

Baada ya aibu ile niligeuka mfuasi. Mnajua mtu aliyeokoka jana anavyohubiri. Kila mtu nilimwambia: kihisi kikubwa, kihisi kikubwa, zumu ni uongo wa wauzaji. Rafiki yangu akaniazima kamera ya aina hiyo, kihisi kikubwa na zumu fupi, nikaenda nayo Nairobi National Park. Asubuhi mapema, mwanga mzuri, na bahati ikatokea: simba jike amelala nyasini, mita 100 hivi kutoka kwenye gari. Nikapiga picha arobaini.

Nyumbani nikamwonyesha binamu. Akasogeza uso karibu na skrini. "Kaka, simba ni yupi?"

Nilistahili. Hesabu yenyewe ni rahisi. Lenzi inayoishia milimita 100, kwa umbali wa mita 100, inaona upana wa mita 36. Simba wa mita 2 ndani ya picha ya mita 36 ni kama chungu kwenye mkeka. Lenzi ya milimita 960 kwa umbali uleule inaona upana wa karibu mita 3.6, na simba anajaza zaidi ya nusu ya picha.

"Kata tu katikati, si una megapikseli 20?" Hebu tukate. Kutoka 100 hadi 960 ni mara 9.6 kwa kila upande. Picha ya Sony ina pikseli 5472 kwa 3648. Gawanya kwa 9.6, unabaki na 570 kwa 380. Hiyo ni picha ndogo kuliko ya zile simu zetu za zamani zenye kamera ya VGA, ambayo ilikuwa 640 kwa 480! Megapikseli 20 zimeyeyuka zikabaki 0.2.

Kuna jambo jingine linalowauma waumini wa kihisi kikubwa, hata mimi liliniuma. Unapopiga kitu kidogo kilicho mbali, mwanga unaotoka kwa kitu kile unakusanywa na upana halisi wa tundu la lenzi. Lenzi ya Canon ikivutwa mpaka mwisho ina urefu halisi wa milimita 172. Gawanya kwa 6.9, tundu lina kipenyo cha milimita 25. Ya Sony ni milimita 37.1 gawanya kwa 4.9, yaani milimita 7.6. Ukilinganisha maeneo ya matundu hayo, ile kamera "mbovu" yenye kihisi kidogo inakusanya kutoka kwa simba mwanga karibu mara 11 zaidi.

Soma tena. Ukumbini Sony inashinda kwa mara 14. Mbugani Canon inashinda kwa mara 11. Ni kamera zilezile, na hakuna kilichobadilika isipokuwa unachotazama.

Sasa niambie ipi ni bora.

Wala siipambi Canon. Kwa f/6.9 inahitaji jua, na simba ni watu wa alfajiri na magharibi. Saa ambayo simba wameamka ndiyo saa ambayo lenzi hiyo inalia njaa ya mwanga, na jua likiwa kali joto linapanda kutoka ardhini na kuifanya picha ya mbali icheze kama maji. Pia ile megapikseli 20 huipati yote. Kwa sheria za fizikia, kwa f/6.9 hata nukta kali kabisa ya mwanga inatua kwenye kihisi ikiwa doa la mikroni 9 hivi, wakati pikseli moja ina mikroni 1.2. Doa moja linakalia pikseli nyingi. Lakini picha laini kidogo ya simba ni bora kuliko picha kali ya nyasi.

Ninaowalaumu

Wa kwanza ni wanaouza kwa namba moja. Zamani ilikuwa megapikseli, sasa ni zumu. Hata majina yana hila. Kihisi kama cha Sony kinaitwa cha "inchi 1". Chukua rula upime: kutoka pembe hadi pembe ni milimita 15.9, na inchi ni milimita 25.4. Hesabu hiyo ilirithiwa kutoka upana wa nje wa mirija ya kioo ya kamera za zamani za televisheni. Mirija ilikwisha kwenda makumbusho lakini jina limebaki, kwa sababu linasikika kubwa.

Wa pili ni wanaotoa alama. Kamera hii imepata 8.1, ile 7.6. Huo ni wastani wa vitu visivyowekwa kwenye kapu moja. Mtu akiniambia lugha fulani ya programu ina 8.1 nitamcheka, lakini kwenye kamera tunasoma na kwenda kununua.

Wa tatu ni sisi wenyewe, "watu wa kompyuta" wa familia. Tunaombwa ushauri na watu wanaotuamini, na badala ya kuuliza tunajibu. Kazini mteja akisema "nataka programu nzuri" tunamkalisha chini tukamhoji siku mbili. Nyumbani binamu akileta akiba yake yote tunamjibu kwa dakika tano.

Na wale wa "nunua tu simu"? Nawaheshimu, maana programu za simu zimefanya makubwa: zinapiga picha nyingi kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, chembechembe zikapungua. Zipo hata simu zenye kihisi cha hiyo "inchi 1". Kama unapiga chakula na marafiki, baki na simu yako na uweke pesa. Lakini picha nyingi zikiunganishwa, anayecheza anasumbua hesabu, na simba wa mita 100 bado anataka lenzi ya kweli.

Uliza hivi

Kabla hujamtajia mtu kamera yoyote, muulize mambo matatu. Kitu unachopiga kiko umbali gani? Kuna mwanga kiasi gani? Kinasogea au kimetulia?

Karibu, gizani, kinasogea: kihisi kikubwa na tundu la f ndogo, aina ya RX100. Na ujue ile f/1.8 ipo tu kabla hujavuta zumu. Ukivuta inapanda mpaka f/4.9. Kwa hiyo vuta kwa miguu, lakini usimkaribie mtu sana kwa milimita 28, pua yake itakuwa kubwa na atakuchukia.

Mbali, juani, ndege na wanyama na mechi ya mchana ukiwa jukwaani: zumu ndefu, aina ya SX740. Ukipenda kujirekodi pia, skrini yake inageuka kukutazama. Ya RX100 ile ya kwanza haigeuki.

Unataka vyote viwili mfukoni? Haviwezekani vyote kwa ukamilifu, na si kwa uvivu wa wahandisi. Mwaka 2018 Sony wenyewe walitoa RX100 VI yenye zumu inayofika milimita 200, na tundu lililokuwa likianzia f/1.8 likaanzia f/2.8. Ukivuta blanketi kufunika kichwa, miguu inabaki nje.

Binamu? Aliiuza ile kamera kwa hasara. Akaongezea kwa tabu, akapata ya mitumba yenye kihisi kikubwa, na sasa anafanya kazi za ukumbini. Wateja wanalipa. Ile hasara nilimlipa mimi kidogokidogo, kwa miezi minne, na kila nilipotuma pesa niliambatanisha ujumbe wa msamaha. Shangazi bado hajaacha kunitania. Kila nikienda kwake, kabla ya chai, ananiuliza: "Daktari wa kamera, leo umekuja kumchagulia nani?"

Basi, ukiniandikia, niambie kwanza unapiga picha za nini. Hifadhidata juma lijalo, Mungu akipenda.